Kimshale cha Kurudi Nyuma

Kishikwambi hiki kilianza kwa kuhesabu watu.
Kilipita Newala nyumba kwa nyumba, mwaka wa sensa,
kikauliza nani alilala humu usiku wa kuamkia leo,
paa ni la nini, choo ni cha aina gani.
Kisha kikaletwa shuleni na ufa kwenye pembe,
nikakisainia kwenye daftari la vifaa:
kimoja, kinachaji, kava hakuna.

Sasa kinahesabu matone.

Maabara yetu ina meza nne, na bomba
ambalo tangu nihamie halijawahi hata kukohoa,
na bureti moja ya kioo kabatini,
imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto wa mtu.
Kidato cha nne wako sabini na wanane.
Piga hesabu mwenyewe.

Basi nikapakua maabara inayokaa ndani ya kioo.
Humo bureti hazina idadi, zimejaa hadi sifuri,
asidi haiunguzi, besi haitelezi vidoleni,
na chupa ikianguka
unagusa kimshale kilichopinda kurudi nyuma:
vigae vinaitana, vinasimama, chupa tena.
Mchekenje aliivunja mara kumi na nne
kwa raha tu ya kuiona ikifufuka.
Sikumkemea. Wiki ile mama yake
alikuwa ameondoka na basi la Tunduru
na sufuria zake zote.

Somoe Nantanga yeye hakugusa asidi.
Alifungua bomba la humo ndani, akaliacha.
Maji yakamwagika kwenye sinki la kuchorwa,
ya buluu, mepesi, yasiyo na mwenyewe,
naye ameegemeza shavu kiganjani, anayatazama.
"Somoe, fanya jaribio."
"Nafanya, mwalimu. Naangalia yataisha lini."

Hayakuisha. Iliyoisha ni chaji.

Huku juu maji yana bei ya masika na bei ya kiangazi.
Asiye na bei ana miguu:
saa kumi alfajiri, dumu la njano, bondeni,
halafu kupanda.
Somoe aliujua ujazo kwa shingo
kabla sijamfundisha kwa namba,
na ile maabara ya kioo, pamoja na ujanja wake,
haina mahali pa kuandika shingo.

Tukaendelea hivyo hivyo. Dakika tano kila mmoja,
mimi na saa yangu ya mkononi kama refa.
Wakajifunza kusubiri tone,
wakajifunza kusoma mstari jicho likiwa sawa na maji.
Usiku niliwasikia bwenini wakibishana
juu ya asidi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinusa.

Oktoba, mabibo yakidondoka, nikaazima bureti tano Masasi.
Zilikuja kwa bodaboda, katikati ya vipande vya godoro.
Siku hiyo chumba kilinyamaza. Kioo cha kweli ni baridi,
na koki yake ina ubishi
ambao kidole kilichozoea kuteleza hakiutarajii.

Mchekenje akazidisha.
Njano ikaruka moja kwa moja hadi wekundu, 
ikapita ile rangi tuliyokuwa tukiingoja,
rangi ya bibo linaloanza kuiva.
Nikaona kidole chake kikipapasa hewani,
kulia, juu, pale kilipozoea,
kikitafuta kimshale.

Nilitaka kusema neno. Kwamba jaribio la mwanzo
huwa ni la kuotea tu, halihesabiwi,
kwamba hata sayansi imeacha mlango wa uani.
Lakini kurudia kunataka chupa safi,
na chupa safi inataka maji.

Somoe akainama chini ya meza,
akavuta dumu lake, akafungua kifuniko.
"Suuza," akamwambia.
"Nusu kikombe. Usizidishe tena."